WhatsApp Business kwa mwandishi wa Lindi na Mtwara: kaunta nzuri, barabara ujitafutie

Fungua tangazo lolote ulilotuma kwa orodha ya matangazo kwenye WhatsApp Business, libonyeze bila kuachia, kisha chagua maelezo yake. Utaona waliosoma, utaona waliofikiwa, na chini yao idadi ya waliobaki. Hao waliobaki ndio habari yenyewe. Mwandishi anaweza kukusanya namba 200 siku ya uzinduzi wa kitabu pale Mtwara mjini, akaziingiza zote kwenye simu, akatuma tangazo la kitabu cha pili, na bado akakuta waliofikiwa hawafiki 50. Simu zao hazikuzimwa na bando halikuwaishia. Hawajamsevu tu, na tangazo la orodha halimfikii ambaye hajaisevu namba ya mtumaji.

Kila kinachofuata hapa kinarudi kwenye jambo hilo. Kama kaunta ya kuuzia vitabu na kutunza wasomaji, programu hii haina mpinzani huku kusini. Kama njia ya kutafuta msomaji asiyekufahamu, haina msaada, na anayeinunulia simu mpya kwa tumaini hilo atakuwa anakaa kwenye kaunta akitazama ukuta.

Ni programu ya bure ya Meta, ipo tangu 2018. Ubora wake wa kwanza kwa mwandishi wa huku haumo kwenye vitufe vyake. Ni kwamba msomaji ameshafika. Bei za mnada wa korosho, matangazo ya misiba, michango ya harusi, yote yanazunguka WhatsApp. Tovuti ya mwandishi ni kitu kizuri, na barua pepe za kila wiki zina wenyewe huko Ulaya na Marekani, lakini msomaji wa Tandahimba akipenda kitabu haulizi anuani ya tovuti. Anauliza, "Una WhatsApp?"

Laini kwanza, programu baadaye

Namba moja haiwezi kuwa kwenye WhatsApp ya kawaida na ya Business kwa wakati mmoja. Ukiihamisha namba yako ya kila siku, mjomba na mwenyekiti wa kikoba wataanza kupokea ujumbe wa salamu wa duka la vitabu. Chukua laini ya pili, isajiliwe kwa jina lako mwenyewe kwa NIDA na alama za vidole, si ya shemeji wala ya kijana wa kusajili laini barabarani. Simu ya laini mbili inabeba programu zote mbili bila shida.

Namba hii itachapwa kwenye kitabu, na kitabu kina maisha marefu kuliko simu. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na baadaye kugawiwa mtu mwingine. Hapo msomaji wa Nachingwea aliyemaliza riwaya yako usiku anamwandikia muuza nyanya wa Mbeya kumuuliza kwa nini amemuua mhusika mkuu. Weka vocha kidogo kila mwezi na upige simu moja moja kwa laini hiyo, hata kama WhatsApp yenyewe inatembea kwa bando la laini nyingine.

Jina la akaunti liwe lile lililo kwenye jalada, herufi kwa herufi. Maelezo yawe mistari mitatu: unaandika nini, kitabu kinapatikanaje, unajibu saa ngapi. Sehemu ya anuani usiweke nyumbani kwako. Weka duka linalouza kitabu.

Katalogi

Katalogi, yaani rafu ya bidhaa zako ndani ya programu, inabeba hadi bidhaa 500. Mwandishi ana mbili, pengine tatu, kwa hiyo ukubwa huo si kitu. Tatizo ni picha. Katalogi huonyesha picha za mraba, na jalada la kitabu limesimama wima, hivyo kichwa cha kitabu hukatwa juu na jina la mwandishi hukatwa chini. Inabaki picha ya mnazi na nusu ya mtu. Dawa yake: tengeneza picha ya mraba, piseli 1080 kwa 1080, yenye rangi moja ya nyuma, kisha jalada zima liwekwe katikati. Picha ya pili iwe ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza, upigwe karibu hadi maandishi yasomeke kwenye simu ndogo. Ya tatu iwe kitabu kimeshikwa mkononi, mtu aone unene wake. Picha hii ya tatu waandishi wengi huiacha, ilhali mnunuzi anayetoa pesa bila kukishika kitabu anataka kujua kama ananunua kitabu au kijitabu.

Bei iandikwe. "Njoo inbox" kwenye bidhaa ambayo tayari iko inbox ni kumchosha mtu. Ongeza bidhaa ya pili kwa kitabu hichohicho, nakala tano kwa bei ya jumla, maana walimu na viongozi wa vikundi hununua hivyo. Sehemu ya msimbo wa bidhaa weka ISBN uliyopewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kila bidhaa hukaguliwa kabla ya kuonekana, kwa hiyo usiiweke asubuhi ya uzinduzi. Nakala zikiisha, ifiche bidhaa badala ya kuifuta.

Upungufu mkubwa: malipo hayafanyiki ndani ya programu hapa kwetu. Mteja anaweka kitabu kwenye kikapu, anakutumia oda, halafu mnarudi kwenye lipa namba kama kawaida.

Matangazo, chaneli, grupu, stetasi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu njia zote nne ziko ndani ya programu moja na zinaonekana kama ndugu.

Orodha ya matangazo inachukua watu 256. Wakizidi, unafungua orodha nyingine. Ujumbe unamfikia kila mtu kama soga yake binafsi, naye akijibu, jibu linakuja kwako peke yako. Kwa kuuza kitabu hakuna kinachoipita njia hii, kwa sababu msomaji anahisi ameandikiwa yeye. Ila sharti ni lile lile: asiyekusevu hapokei, na programu haikupigii kelele kukuambia.

Chaneli zilifunguliwa kwa nchi nyingi Septemba 2023. Wafuasi hawana kikomo, na hakuna anayeona namba ya mwenzake. Kwa vitu vinavyosikika vizuri kuliko vinavyofanya kazi, chaneli ni mfano mzuri. Arifa zake huja zimezimwa tangu mwanzo, mpaka mfuasi aende kuziwasha mwenyewe, na chaneli yenyewe inakaa kwenye kichupo kimoja na stetasi, ambako mtu huipita akitazama stetasi. Ifungue, ndiyo, iwe kabati la dondoo zako ili msomaji mpya apate cha kusoma. Usiitegemee kwa siku ya mauzo.

Grupu linafika watu 1,024 na kila mmoja anaona namba ya kila mmoja. Matokeo yake yanajulikana. Msichana wa chuo cha ualimu anajiunga kwa ajili ya riwaya, kesho yake anaandikiwa na mtu asiyemjua, "Mambo dada, nimeona namba yako kwenye grupu la vitabu." Anatoka kimya kimya, na hamlaumu huyo mtu, anakulaumu wewe. Ukishalifungua kubwa, ndani ya wiki mbili kuna tangazo la mkopo wa haraka na dua ya kusambazwa kwa watu kumi. Grupu liwe la wasomaji 20 hadi 30 wa rasimu, waliokubali kwa hiari, lenye muda maalumu, kisha lifungwe.

Stetasi hudumu saa 24, na maandishi yake hayazidi herufi 700. Inaonekana kwa aliyekusevu ambaye nawe umemsevu. Pande zote mbili. Huyu mwandishi anayelalamika kwamba stetasi yake inatazamwa na watu 30 huku ana wateja 300 hana tatizo la maudhui. Ana tatizo la kusevu.

Kumfanya msomaji akusevu

Kwanza, yeye ndiye aanze soga. Ukianza wewe, unakuwa namba ngeni inayouza kitu, na kitufe cha kublokiwa kiko hapohapo juu. Akianza yeye, ujumbe wa salamu unatoka wenyewe. Uandike kwa makini, maana hutumwa mtu anapokuandikia mara ya kwanza au baada ya siku 14 za ukimya, basi. Mfano unaofanya kazi:

"Karibu sana, na asante kwa kuandika. Hii ni namba ya mwandishi mwenyewe. Kuna sura moja ambayo haimo kitabuni. Hutumwa kwa waliosevu namba hii tu. Sevu, kisha nijibu kwa neno SEVU na mahali ulipo."

Tazama kilichoachwa: hakuna "Mambo vipi" wala "Shikamoo." Mashine haijui inaongea na nani. Mwalimu mstaafu wa Masasi akipokewa na "Niaje msomaji wangu" hatarudi, na kijana wa kidato cha nne akiamkiwa shikamoo ataipiga skrinishoti. "Karibu sana" inamfaa kila mtu. Na mtu akianza na "Shikamoo mwalimu," marahaba itoke kwako kwa mkono, hata kama mashine imeshajibu. Soga isiyopokea salamu huku hufa palepale.

Kisha tuma kadi ya namba yako mwenyewe ndani ya soga, ili kusevu kuwe kugusa mara moja na si kunakili tarakimu. Hatua hii ndogo ndiyo inayoongeza waliosevu kuliko maneno yote ya kushawishi. Sura ya ziada iwe sura kweli, si shukrani na picha ya jalada. Itume kwa orodha ya matangazo, si kwa soga ya mtu mmoja mmoja. Ukiituma kwa soga ya kawaida itafika hata kwa asiyekusevu, na utakuwa umelipa kabla ya kupewa bidhaa. Akikuandikia "mbona sijapata," unajua kilichotokea: hajasevu. Mwelekeze, mrudie kwenye tangazo lijalo.

Lebo, yaani alama za kupangia soga, ziko hadi 20. Usizimalize kwa rangi. Nne za hali ya oda zinatosha: ameuliza, amelipa, ametumiwa, amesoma. Zilizobaki ziwe za mahali: Mikindani, Newala, Masasi, Ruangwa, Kilwa. Lebo ya "amesoma" ndiyo mali, kwa sababu hao ndio wa kuombwa maoni na ndio wa kwanza kuambiwa kitabu cha pili. Ila lebo hazina namna ya kuzitoa nje ya programu zikabaki na maana. Weka daftari la kawaida lenye jina, mji, tarehe na kitabu alichonunua.

Barabara yenyewe

Sasa hao watu watatoka wapi? Programu haitakujibu. Vifaa inavyokupa ni viwili, kiungo kifupi na msimbo wa QR, na kimoja kina mtego.

Msimbo wa QR unaotolewa ndani ya programu unaweza kuwekwa upya, kwa makusudi au kwa kidole kuteleza, na ukishawekwa upya ule wa zamani unakufa. Ukiwa umeuchapa kwenye nakala 500, umechapa madoa meusi 500. Tumia anuani ya moja kwa moja: wa.me/255 ikifuatiwa na tarakimu tisa za namba yako, bila sifuri ya mbele na bila nafasi. Hiyo haibadiliki maadamu namba ni yako. Itengenezee QR nje ya programu, upana usipungue sentimita 2.5, nyeusi kwenye nyeupe, na pembezoni pabaki peupe. Usiiweke kwenye mgongo wa kitabu wala jalada linapojikunja. Kabla ya kupeleka kiwandani, iwe ni kwa wachapaji wa Ndanda au Dar es Salaam, ichape kwenye karatasi, itoe fotokopi, ijaribu kwa simu tatu tofauti, mojawapo iwe na kioo kilichopasuka.

Mahali pake ni ukurasa wa mwisho wa hadithi, si jalada la nyuma peke yake. Anayemaliza kitabu saa tano usiku ana joto ambalo asubuhi halipo. Chini ya QR andika namba kwa tarakimu.

Kiungo kinaweza kubeba maneno ambayo msomaji atayakuta yameshaandikwa. Ongeza ?text= mwishoni, na kila nafasi kati ya maneno uiandike %20. Kitabuni iwe "Nimemaliza%20kitabu". Kadi ya dukani iwe "Nimeona%20dukani". Kwa njia hiyo kila soga mpya inakuja na kabila lake, na baada ya miezi miwili unajua kadi za Lindi mjini zinaleta watu au zimefunikwa na vocha.

Steshenari zilizo jirani na shule na vyuo ndizo maduka ya vitabu ya huku. Nakala tano za mali kauli, kadi moja ya kusimama kaunta, na kurudi kuhesabu baada ya wiki mbili. Zaidi ya tano usiache mara ya kwanza. Zinakaa juani dirishani, jalada linapauka, na anayepauka ni mwandishi. Mwalimu mmoja anayekipenda kitabu huleta wasomaji wengi kuliko mabango, lakini ukizungumza na shule usichanganye mambo: vitabu vya kiada na ziada vina ithibati ya serikali, na mwalimu mkuu atakuuliza. Kama huna, sema wazi kwamba ni kitabu cha kusoma kwa kujipendea.

Redio bado ndiyo yenye mkono mrefu. Jamii FM ya Naliendele, Mashujaa FM ya Lindi na nyinginezo zinasikika shambani ambako simu iko kwenye chaji nyumbani. Redioni hakuna QR, na namba ya tarakimu kumi ikisomwa haraka imepotea. Isomwe mara mbili, kwa mafungu, baada ya dondoo iliyokatwa mahali pabaya, yaani pazuri. Mpe msikilizaji neno moja la kutuma, tuseme KISIMA. Akiandika KISIMA peke yake, unajua katoka redioni.

Halafu msimu. Kitabu ni matumizi ya pesa iliyobaki, na huku pesa ina miezi. Ufuta unauzwa minadani katikati ya mwaka, hasa upande wa Lindi. Korosho minada yake huanza kuchangamka Oktoba, na malipo hupitia vyama na benki, hayaji siku ya mnada. Tangazo la kitabu kipya lililotolewa wiki ya pili ya Januari linapambana na ada, sare na madaftari. Litashindwa. Lililotolewa Novemba mwishoni, baada ya watu wa Newala kupokea malipo yao, lina nafasi. Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, ni nzuri kwa dondoo na mazungumzo redioni. Kwa mauzo itegemee ufuta.

Unachotuma

Dondoo ya maneno 150 hadi 200, mara moja kwa wiki. Anza ndani ya tukio. Simu hukata ujumbe mrefu kwa "soma zaidi", na mistari ya mwanzo ikiwa ni salamu na emoji, hakuna atakayeigusa. Malizia kabla mlango haujafunguliwa.

Jina la kitabu, jina lako na namba viwe ndani ya ujumbe uleule, mstari wa mwisho. Ujumbe ukisambazwa haubebi jina la aliyeuandika, unabeba mshale tu. Dondoo nzuri isiyo na jina itazunguka Mtwara yote ikiitwa "kisa cha kweli kilichotokea Dodoma." Kusambaza nako kuna breki: mtu anaweza kupeleka kwa soga tano kwa mara moja, na ujumbe ukishapita mikono mingi unaruhusiwa soga moja moja. Kosa la tahajia lina dakika 15 za kurekebishwa. Lisome wewe mwenyewe mara moja kwa sauti kabla ya kutuma, maana wasomaji wa Kiswahili husamehe mengi lakini "ata" kwa "hata" kutoka kwa mwandishi hawaisahau.

Sauti huku ina nguvu kuliko inavyopewa. Dakika moja ya mwandishi akisoma haifiki hata nusu ya MB, na inamfikia mama anayepepeta mchele ambaye hana mkono wa kushika simu. Rekodi chumbani kwenye nguo nyingi, si sebuleni chini ya bati wakati wa mvua.

"Mwalimu, naomba pdf"

Itakuja. Kwa heshima zote, na emoji za kuomba. Kitabu kizima kwa pdf usimpe mtu yeyote, hata rafiki anayetaka "kupitia tu," kwa sababu faili likishatoka halirudi na hujui limepita grupu gani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko upande wako, ila haiingii kwenye magrupu saa sita usiku. Kuwa na pdf ya sura ya kwanza tu, kila ukurasa ukiwa na namba yako chini. Ihifadhi kwenye simu na uweke jibu la haraka: "Kitabu kizima kipo kwa karatasi tu, ndugu yangu. Sura ya kwanza hii hapa, usome bure. Ukiipenda, nambie uko wapi nikuelekeze duka au nikutumie kwa basi." Ikisambaa, inasambaza namba.

Malipo: lipa namba iliyosajiliwa kwa jina linalofanana na la jalada, au umweleze mteja mapema jina atakaloliona. Skrinishoti ya muamala si malipo. Tazama salio lako. Baada ya hapo jina kamili la mpokeaji, namba yake ya simu, na stendi atakayochukulia. Kitabu kiingie kwenye nailoni kwanza, kisha bahasha ya kaki yenye kipande cha boksi kila upande, majina pande zote mbili. Risiti ya parseli ipigwe picha na itumwe palepale, na lebo ibadilishwe. Tuseme kitabu ni shilingi 12,000. Nauli ya parseli ukiinyamazia mpaka mwisho, mteja anaona ameongezewa. Iandike kwenye katalogi.

Masasi, Newala na Lindi mjini parseli haina shida. Liwale wakati wa masika usiahidi siku.

Inapoharibika

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja na mvua, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara ikakatika. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya za chini ya bahari zikakatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Mwandishi ambaye wasomaji wake wote wako ndani ya programu moja hakuwa na njia ya kuwaambia hata kwamba vitabu vitachelewa. Namba zihifadhiwe kwenye akaunti ya Google ya simu, si kwenye WhatsApp tu, ili SMS iwezekane.

Kufungiwa ni hatari ya pili. Watu wengi wakikubloku au kukuripoti kwa muda mfupi, namba inasimamishwa, na namba ndiyo iliyo kitabuni. Wanaosababisha hili mara nyingi ni wale waliopewa orodha ya namba za watu na rafiki aliyeandaa kongamano. Usiichukue. Mbali na adabu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inadai mtu ajue taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Kwenye karatasi ya uzinduzi andika juu kabisa: "Namba itatumika kukutaarifu kuhusu vitabu vya mwandishi huyu," na anayesema nitoe, atolewe siku hiyohiyo.

Ya tatu ni wizi wa akaunti. Washa uthibitisho wa hatua mbili, PIN ya tarakimu sita, isiwe mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye jalada la nyuma. Mtu akikuandikia kwamba kuna namba ya uthibitisho imekuja kwako kimakosa, akaomba umtumie, usimtumie hata kama anaitwa mjomba. Nakala rudufu iwe kila usiku. Na ukitumia kompyuta ya ofisi kujibu wateja, kumbuka simu yenyewe lazima ifunguliwe angalau mara moja ndani ya siku 14, la sivyo kompyuta inatolewa.

Facebook inamshinda WhatsApp Business kwa kumpata mgeni, na tangazo la kulipia lenye kitufe cha kuleta mtu kwenye soga ni ndoa nzuri ya vyote viwili, ukiliwekea mipaka ya Lindi na Mtwara badala ya kuwarushia watu wa Arusha ambao huwezi kuwafikishia kitabu kwa bei hiyohiyo. Instagram inafaa kwa jalada zuri na waandishi wenye sura ya kamera. Mwandishi wa kitabu cha ualimu, cha kilimo cha mikorosho au cha hadithi za kijijini asijisumbue nayo mapema.

Inabaki kundi ambalo mapitio ya programu za simu hulisahau: wenye viswaswadu. Msikilizaji wa redio wa Nanyamba aliyenunua kitabu kwenye gulio hana WhatsApp ya kumsevu mtu. Huyo anapata SMS, herufi 160, ikizidi unalipa mbili. Kwa mfano: "Kitabu cha pili kimetoka. Kipo steshenari za stendi Masasi na Newala, Sh 12,000. Ukitaka kuletewa gulioni jibu NDIYO na jina la kijiji." Ndani yake zimebaki herufi za kutosha kuweka jina lako.